Pumzi Inayorudi: Historia ya Chombo cha Wazamiaji na Ufundishaji wa Somo la Hewa

Hakuna jibu ambalo mtoto wa shule ya msingi hulitoa upesi kama hili: "Tunavuta oksijeni, tunatoa kabonidayoksaidi." Sisi wakufunzi, tunapozunguka kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tangu shule za mabonde ya Rungwe hadi zile za nyanda za baridi za Mufindi, tumelisikia jibu hilo likitolewa na darasa zima kwa sauti moja. Mwalimu huuliza, darasa huitikia, sentensi huandikwa ubaoni na kunakiliwa. Katika andalio la somo mwanachuo huandika kwamba lengo limefikiwa.

Sisi tunashikilia kwamba lengo halijafikiwa. Jibu ni sahihi, wala hatulikatai. Lakini mtoto amepewa jibu kabla ya kuwa na swali, na jibu la namna hiyo halimsaidii siku anapolihitaji.

Siku hiyo huja. Kisima kirefu, au shimo la choo lililofunikwa kwa muda mrefu, huweza kuwa na hewa isiyofaa kuvutwa. Mtu huteremka kuokota ndoo, akaanguka. Wa pili humfuata ili amwokoe, naye akaanguka juu ya mwenzake. Wakati mwingine wa tatu huwafuata. Misiba ya aina hii imetokea mara nyingi katika nchi yetu na nchi za jirani, na yamkini wengi wa waliokufa walipita darasani na kuitikia kwa sauti kwamba tunavuta oksijeni na tunatoa kabonidayoksaidi. Walilijua jibu, ila hawakupata kuambiwa kwamba jibu hilo lilihusu lile shimo.

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili liko karibu zaidi. Huko Kyejo, wilayani Rungwe, kabonidayoksaidi hutoka ardhini kwa wingi, hata visima vimechimbwa ili kuivuna kwa matumizi ya viwandani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa kiasi cha mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka na kutuama mabondeni na mashimoni kama yafanyavyo maji. Ndugu zetu wa Kivu, mashariki ya Kongo, wanapaita mahali pa namna hiyo mazuku: mnyama huingia akiwa hai, asitoke. Huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu la gesi hiyo hiyo, na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa usiku mmoja.

Basi somo la hewa lifundishweje? Rai yetu ni kwamba lifundishwe kwa mfululizo wa maswali, kila swali likizaliwa na jibu la lile lililotangulia. Na ili mwalimu aone mfululizo huo kwa macho yake, tumechagua historia ya chombo kimoja: chombo cha kurudishia pumzi, kitumiwacho na wazamiaji. Huenda msomaji akauliza watu wa milimani wanahusikaje na wazamiaji wa baharini. Wanahusika kwa sababu chombo hiki si kitu kingine ila somo la upumuaji lililotiwa ndani ya mfuko. Mzamiaji huvuta pumzi kutoka mfukoni, huirudisha mfukoni, kisha huivuta tena pumzi ile ile. Hakuna kinachotoka nje, hata povu halionekani majini. Kila kosa la kuielewa hewa lilionekana mara moja, na mara nyingi lilimgharimu mtu uhai wake.

Swali la kwanza: Kwa nini pumzi iliyokwisha kutumika haifai?

Mwaka 1879 wahandisi wa Uingereza walikuwa wakichimba njia ya reli chini ya mto Severn, maji yakaingia kwa ghafula na kuijaza njia yote. Ilibidi mtu azame, atembee gizani chini ya maji kiasi cha mita 300, afunge mlango wa chuma ulioachwa wazi. Wazamiaji wa siku zile walipelekewa hewa kwa mpira mrefu kutoka juu. Mzamiaji hodari, Alexander Lambert, alijaribu, lakini mpira ulielea na kukwama kwenye dari ya njia, asiweze kuuburuta zaidi.

Wakati huo alikuwapo baharia mmoja, Henry Fleuss, ambaye mwaka 1878 alikuwa amesajili chombo kisichohitaji mpira wa hewa. Kilikuwa na mfuko wa kupumulia, mtungi wa shaba wenye oksijeni iliyoshindiliwa, na kamba zilizoloweshwa katika maji ya potashi kali. Fleuss mwenyewe aliingia katika njia ile akashindwa kuendelea. Ndipo Lambert akakivaa chombo chake, na mwezi wa Novemba 1880, katika safari yake ya pili, akaufunga mlango.

Mwalimu asipite haraka hapa. Kwa nini zile kamba zenye potashi? Darasa litajibu kwamba pumzi iliyotumika haina oksijeni. Si kweli. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na ile tunayotoa bado ina kiasi cha asilimia 16. Kilichoongezeka ni kabonidayoksaidi, ambayo kutoka sehemu chache mno hufikia karibu asilimia 4. Mtu akiendelea kupumua ndani ya mfuko uliofungwa, gesi hiyo hulundikana na kumtaabisha kabla oksijeni haijaisha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chombo si kuleta hewa mpya, bali ni kuondoa kilichoharibu ile ya zamani. Potashi ya Fleuss ilifanya kazi hiyo. Vyombo vya baadaye hutumia chokaa iliyochanganywa na soda.

Liko jambo jingine katika habari za Lambert linalomfaa mwalimu. Mbali na mlango, alitakiwa pia kufunga vali moja. Aliizungusha kama vali zinavyozungushwa, akarudi akiamini kwamba ameifunga. Baadaye ikaonekana kwamba vali ile ilikuwa na nyuzi za mkono wa kushoto, na ilikuwa imefungwa tangu awali, yeye aliifungua. Hatumlaumu mtu shujaa kama huyo, aliyefanya kazi gizani. Tunasema tu kwamba kanuni iliyozoewa, isipokutanishwa na kitu chenyewe, huweza kuleta kinyume cha kilichokusudiwa.

Swali la pili: Kama oksijeni ni uhai, je, ikizidi ni uhai zaidi?

Darasa zima litajibu ndiyo. Watu wengi wazima nao waliamini hivyo. Lakini mwaka ule ule wa 1878, mwanasayansi Mfaransa Paul Bert alitoa kitabu akionyesha kwamba oksijeni yenye mgandamizo mkubwa huwa sumu kwa wanyama. Mgandamizo wa maji huongezeka kadiri mtu anavyozama: katika kina cha mita 10 mgandamizo wote ni mara mbili ya ule wa juu ya bahari, na katika mita 30 ni mara nne. Mzamiaji anayevuta oksijeni tupu akipita kina cha mita chache tu huweza kushikwa na degedege na kuzama.

Funzo la Bert lilikuwa limeandikwa, lakini halikuwafikia wote walioshika vyombo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau alijaribu vyombo vya oksijeni mara mbili, na mara zote mbili akapatwa na degedege ndani ya maji. Alinusurika. Mwaka 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan wakafuata njia nyingine, wakatengeneza chombo cha hewa ya kawaida ambacho pumzi hutolewa majini. Majeshi nayo yaliendelea kuitumia oksijeni kwa sababu haitoi povu. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Desemba 1941, wanamaji sita wa Kitaliano waliingia bandari ya Aleksandria nchini Misri na kuziharibu vibaya manowari mbili kubwa za Kiingereza. Waingereza wakafanya majaribio mengi kwa wazamiaji wao chini ya daktari Kenneth Donald, na jambo moja likadhihirika: mtu aliyeistahimili oksijeni leo huweza kushindwa kesho katika kina kile kile. Leo wazamiaji hufundishwa wasitumie oksijeni tupu kupita kina cha mita 6 hivi.

Hapa mwanafunzi hujifunza jambo ambalo kitabu chake hakimwambii, nalo ni kwamba kitu kizuri kina kiasi chake.

Swali la tatu: Nitajuaje kwamba oksijeni imepungua?

Basi, kwa kuwa oksijeni tupu ni hatari, na ichanganywe na gesi nyingine, kama naitrojeni au heliamu. Lakini jibu hili lilizaa tatizo kubwa kuliko yote. Katika mchanganyiko, mwili huitumia oksijeni peke yake, na ile gesi nyingine hubaki mfukoni. Mfuko haupungui sana, pumzi inaingia na kutoka kama kawaida, wala hakuna dalili ya shida. Kumbe oksijeni inakwisha.

Mwalimu awaagize wanafunzi, wakiwa wameketi, wazuie pumzi kwa muda mfupi tu, kisha awaulize ni kitu gani kilichowalazimisha kuvuta tena. Watasema ni kukosa oksijeni. Kwa hakika kinachotusukuma kupumua, kwa sehemu kubwa, ni kabonidayoksaidi inayoongezeka mwilini. Mwili wetu una onyo kali la kabonidayoksaidi, lakini onyo lake la upungufu wa oksijeni ni hafifu mno. Mahali ambapo oksijeni imepungua na kabonidayoksaidi haikuongezeka, mtu haoni kuwa anakabwa. Hujisikia vizuri, pengine hata mchangamfu, kisha huzimia.

Kwa hiyo, ilibidi kipatikane kitu kitakachopima badala ya mwili. Mwaka 1968, Wamarekani Walter Starck na John Kanwisher walitoa chombo chenye vipima oksijeni vya umeme, ambavyo huamuru mtungi uongeze oksijeni pale tu inapopungua. Vyombo vya leo kwa kawaida huwa na vipima vitatu, ili kimoja kikikosea viwili vikionyeshe. Mwaka 1997 kiwanda kimoja cha Uingereza kikaanza kuuza chombo cha namna hii kwa raia wa kawaida.

Faida yake ni kubwa. Mtu anayefanya kazi ya wastani huvuta na kutoa kiasi cha lita 20 za hewa kwa dakika, lakini mwili wake hutumia kiasi cha lita moja tu ya oksijeni. Chombo cha kawaida huzitupa zote majini. Chombo cha kurudishia pumzi hulipia ile lita moja tu. Ndiyo maana wataalamu wameweza kukaa kwa saa nyingi katika kina ambacho zamani waliweza kukigusa tu na kurudi. Hata katika maji ya nchi yetu matunda yake yameonekana. Mwaka 2019 wataalamu, wakiwamo wa taasisi ya California Academy of Sciences, walitangaza aina ya samaki ambayo sayansi haikuwa ikiijua. Ni samaki mdogo wa rangi ya zambarau aliyepatikana Zanzibar, katika matumbawe yaliyo kina cha mita 50 hadi 80. Walimpa jina la Cirrhilabrus wakanda, kutokana na nchi ya kubuni ya hadithi za Kimarekani. Wazamiaji wa taasisi hiyo huvifikia vina hivyo kwa vyombo vya kurudishia pumzi.

Namna ya kulileta jambo hili darasani

Hatusemi mwalimu aandike ubaoni majina ya Fleuss, Bert na Starck ili yakaririwe. Kufanya hivyo kungekuwa kuondoa kasuku mmoja na kuleta mwingine. Tunasema aufuate mpango wa maswali yale, kwa zana zilizopo.

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Katika kipindi cha kwanza, mwalimu asimulie habari za njia ya reli iliyojaa maji, kisha anyamaze. Awaulize wanafunzi wangefanyaje. Wapo watakaosema, "Achukue mfuko wa hewa." Hapo ndipo lilipo somo. Aulize mfuko utatosha kwa muda gani, na kitakachoharibika ni nini. Asitoe jibu.

Jibu litolewe na chokaa. Karibu na jiji la Mbeya, eneo la Songwe, kuna mawe ya chokaa ambayo kiwanda cha saruji hutegemea, na chokaa ya kupakia kuta hupatikana madukani Mbeya na Iringa. Mwalimu atie kijiko kimoja cha chokaa katika chupa ya maji safi, aifunge, aitikise, aiache usiku kucha. Asubuhi amimine taratibu yale maji maangavu ya juu. Ayagawe katika chupa mbili. Katika chupa ya kwanza afunge hewa ya kawaida na kuitikisa. Katika ya pili, mwanafunzi apulize pumzi taratibu kwa mrija. Kikonyo cha jani la boga, ambacho kina uwazi ndani, chafaa sana. Maji ya chupa ya pili yatageuka meupe kama yaliyotiwa maziwa, na yale ya kwanza yatabaki karibu kama yalivyokuwa. Tunasisitiza kwamba mwanafunzi apulize, asivute, na asiinamie chupa kwa macho, kwa maana chokaa huunguza.

Endapo maji hayatageuka, mwalimu asifadhaike wala asilifiche jambo hilo. Huenda chokaa yake ilikaa wazi kwa muda mrefu, ikaimeza kabonidayoksaidi ya hewani na kurudia hali ya jiwe. Awaambie wanafunzi hivyo hivyo, kwa kuwa chokaa iliyo ndani ya chombo cha mzamiaji nayo huchoka kwa namna iyo hiyo, na mzamiaji asiyeibadili hujiletea hatari.

Kipindi cha pili kihusu kisima. Mwalimu achore shimo ubaoni, na ndani yake mtu aliyelala. Aulize: mwenzako amezimia humo, utafanya nini, na kwa nini? Awaache wabishane. Kisha waongozwe kufikia mambo haya: asiingie mtu kumfuata, waitwe watu wazima wenye kamba na vyombo, na mtu asijidanganye kwamba atazuia pumzi au atatoka mara akijisikia vibaya, maana tumekwisha kuona kwamba mwili huenda usimwonye. Wako wazee wanaoteremsha taa kwanza ili waone kama itazimika. Taa ikizimika hiyo ni dalili ya hatari. Lakini ikiendelea kuwaka si hakikisho la usalama, na katika shimo la choo moto wenyewe huweza kuwasha gesi nyingine.

Kwa shule za Mufindi na mahali pengine penye baridi kali, mwalimu aongeze habari za jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na milango kufungwa. Awe mwangalifu kueleza kwamba gesi inayoua hapo hasa ni nyingine, monoksaidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, wala maji ya chokaa hayaionyeshi. Jaribio letu lina mipaka yake, na mwanafunzi ana haki ya kuijua. Vile vile mwalimu akataze kabisa mchezo wa kuvaa mifuko ya plastiki kichwani. Chombo cha wazamiaji kinasimuliwa darasani, hakiigizwi.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mtihani hutaka jibu fupi, na maswali haya yanapoteza muda. Tunajibu kwamba mtoto aliyeyaona maji ya chokaa yakigeuka hatalisahau lile jibu fupi. Ataliandika katika mtihani kama wenzake, tena akilifahamu. Wengine watasema kwamba madarasa yana watoto wengi mno. Ni kweli, na mzigo huo tunaujua. Lakini jaribio hili linahitaji chupa mbili tu mbele ya darasa, na swali la kisima halihitaji hata chupa.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu anayeogopa maswali asiyoweza kuyajibu. Kwa huyo historia hii ni faraja. Tangu Fleuss hadi vipima vya mwaka 1968 ilipita miaka 90, na katika miaka hiyo kila jibu lilifungua swali jipya ambalo aliyelitoa hakulitazamia. Mwalimu anayesema, "Swali lako ni zuri, tulitafute pamoja," yumo katika njia ile ile waliyopita wao.

Tunawashauri wanachuo watakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha walijaribu somo hili, na katika zoezi la mwisho waondoe lile swali la "Taja hewa tunayovuta." Mahali pake waweke swali la mtu aliyelala shimoni. Wayasome majibu ya watoto kwa makini, hasa yale ya makosa, kisha watuandikie ili wenzao wanufaike.